Aliyeshika Ncha ya Mbele

Fimbo ina ncha mbili. Ukitaka kuijua historia ya watu wasioona katika nchi hii ya chai, anza kwa kuuliza nani alishika ncha ipi.

Kwa vizazi vingi jibu lilikuwa moja. Kwenye vijia vya ng'ombe vinavyoteremka kutoka Silibwet kuelekea mto Nyangores, kama kwenye vijia vingi vya Afrika Mashariki, mzee asiyeona alitembea nyuma, mjukuu mbele, fimbo ikiwa baina yao. Mtoto alishika ncha ya mbele. Kwenye ncha ya nyuma mzee alipokea amri tu: twende, simama, kata kulia. Aliujua mwendo wa mjukuu wake, uchovu wake, hata siku alizoamka na kisirani. Njia yenyewe hakuijua. Jiwe alilitambua kwa kidole cha mguu, baada ya kulikwaa. Mtoto naye alilipa kwa upande wake, kwa sababu saa za kumwongoza babu ni saa zile zile za shule.

Nimeamua kuifuata fimbo hiyo nyuma, kwa miguu pale panapofikika na kwa karatasi za zamani pale pasipofikika. Njia yenyewe inapita mahali ambapo sikutarajia.

Kipande cha kwanza ni barabara ya Bomet kwenda Kaplong na Sotik, kisha magharibi upande wa Oyugis. Kadiri unavyoteremka, chai inaachia mahindi na miwa, na hewa inapata joto. Mto Kipsonoi unaopita upande wa Sotik unaungana na wenzake kuwa Sondu, unaomwaga maji yake ziwani. Zamani za ukoloni wilaya ya Kericho, na Bomet ndani yake, ilihesabiwa kuwa sehemu ya mkoa wa Nyanza. Bomet haikupata wilaya yake hadi 1992. Kwa hiyo habari za bonde la Kodera, karibu na Oyugis, ni habari za nyumba ya pili.

Kodera palikuwa na usubi, mdudu mdogo mweusi anayeng'ata mchana kandokando ya mito iendayo kasi. Anapong'ata huacha ndani ya ngozi mbegu ya minyoo, na minyoo hiyo huzaa vijidudu visivyohesabika ambavyo hutembea chini ya ngozi mpaka machoni. Mtu huanza kwa kujikuna. Miaka inapita, ngozi inakunjamana na kubadilika rangi, kisha mboni inafifia. Watu wa bonde walihama wakiacha ardhi yenye rutuba, na wenye nguvu ndogo ya kuhama walibaki na fimbo zao.

Mwaka 1946 P. C. C. Garnham, daktari aliyekuja kuwa bingwa wa vimelea vya malaria, pamoja na J. P. McMahon, walimwaga DDT kwenye mito ya Kodera. Usubi ukaisha. La ajabu ni kwamba hawakujua mabuu ya mdudu yule yanaishi wapi. Walipekua mawe na majani ya mtoni wasione kitu. Ilichukua hadi 1950 kwa McMahon na mwenzake van Someren kugundua kwamba mabuu hujibandika juu ya kaa wa mtoni na kusafiri naye. Walikuwa wamemuua adui kabla ya kujua nyumba yake! Leo hakuna ofisi ya mazingira ingewaruhusu kumwaga sumu hiyo mtoni namna ile, na ni vizuri, lakini mtu ambaye macho yake yalinusurika Kodera asingekusikiliza ukimwambia hivyo. Mpaka katikati ya miaka ya 1950 mito mingine ya Nyanza ilikuwa imefuatwa mmoja baada ya mwingine, na usubi wa aina ile ukatoweka Kenya.

Lakini sumu ya mtoni huzuia upofu wa kesho tu. Waliokwisha kupoteza macho walibaki vilevile, na kwao mwaka huo huo wa 1946 ulileta mambo mengine mawili. Huko Thika, Jeshi la Wokovu lilianzisha taasisi ya wasioona, ambayo ndiyo mama wa shule za namna hiyo nchini. Na kijana Mwingereza, John Wilson, alianza safari ndefu ya Afrika na Mashariki ya Kati kuchunguza hali ya wasioona katika makoloni. Wilson mwenyewe alikuwa haoni. Alipoteza macho akiwa na umri wa miaka 12, kemikali zilipolipuka katika maabara ya shule. Mwaka 1950 akaunda chama ambacho leo tunakijua kwa jina la Sightsavers. Mwaka huo wa 1950 ndipo shule ya Buigiri ilipofunguliwa karibu na Dodoma, ya kwanza ya wasioona Tanganyika. Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya Chama cha Wasioona mwaka 1956.

Katika shule hizo watoto walikutana na breli, nukta nundu kama wasemavyo Watanzania. Louis Braille aliivumbua Ufaransa mwaka 1824 akiwa na miaka 15, yeye ambaye alijichoma jicho kwa sindano ya kushonea ngozi katika karakana ya baba yake akiwa na miaka mitatu. Aliitoa katika mfumo wa afisa wa jeshi, Charles Barbier. Yote hayo yamesimuliwa mara nyingi. Jambo linalotajwa kwa nadra ndilo linalonihusu hapa: weka kidole juu ya mstari wa breli na ukitulize, hutasoma kitu. Utahisi vinundu vimechanganyikana. Kidole kikianza kuteleza, herufi zinatokea. Mtu mwingine akikusogezea karatasi chini ya kidole chako, kazi inakuwa ngumu kuliko ukikisogeza kidole mwenyewe. Mwendo ni nusu ya usomaji, na mwendo huo lazima uwe wako.

Fimbo ilichelewa kujifunza somo hilo. Mwaka 1921 huko Bristol, James Biggs, mpiga picha aliyepofuka kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili madereva wamwone. Miaka kumi baadaye Guilly d'Herbemont aligawa fimbo nyeupe kwa wasioona wa Paris. Lakini rangi hiyo ilikuwa kwa faida ya madereva. Fimbo ilimtangaza kipofu, haikumwonyesha barabara. Ilikuwa fupi bado, ya kuegemea.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyobadili mambo. Askari vijana waliopoteza macho walilazwa katika hospitali ya Valley Forge, Pennsylvania, na kuanzia 1944 Richard Hoover, aliyekuwa amefundisha katika shule ya wasioona kabla ya vita, aliwapa fimbo ndefu na nyepesi inayofika kifuani. Akawafundisha kuipeleka kushoto na kulia kwa kiasi cha upana wa mabega, ncha ikigusa ardhi pale mguu unapokaribia kukanyaga. Mguu wa kushoto ukitangulia, fimbo iko kulia, na kinyume chake. Kila hatua inakanyaga ardhi iliyokwisha kuulizwa. Baada ya muda njia hiyo ilienea duniani, na ndiyo hiyo hiyo inayofundishwa Kenya leo.

Jaribu hapa hapa ulipo. Chukua fito, mfano ile wachuma chai wanayolaza juu ya vichaka ili kupima usawa wa meza ya chai, ufumbe macho, uguse vitu vilivyoko mbele yako. Murramu unajulikana. Majani mabichi yanajulikana. Shina la chai lililopogolewa linajibu kwa mkazo tofauti na nguzo ya seng'enge. Sasa ujiulize unavihisi wapi vitu hivyo. Kinachoguswa kwa hakika ni kiganja tu, nacho kinapokea mtikisiko mdogo wa fito. Hata hivyo hukihisi kiganja. Unalihisi shina, kule mbele, mahali lilipo. Descartes alilitaja jambo hili mwaka 1637 katika kitabu chake cha mwanga, akisema vipofu wanaona kwa mikono. Alilitumia kueleza macho, hakuwa na haja kubwa na vipofu wenyewe.

Sasa mpe mtu mwingine fito aisukume na kuivuta huku wewe umeishika tu. Shina la chai linapotea. Kinachobaki ni kusukumwa mkono.

Hapo ndipo njia yangu ilipovuka bahari, kwa sababu watu waliokuja kulithibitisha jambo hilo hawakuwa na habari na babu wa Silibwet.

Wa kwanza walikuwa paka. Mwaka 1963 Richard Held na Alan Hein, huko Marekani, walichukua paka wachanga wawili wawili, waliolelewa gizani, na kuwafunga kwenye bembea moja ya kuzunguka. Mmoja alitembea kwa miguu yake. Mwenzake alikaa ndani ya kikapu, na bembea ikampitisha mbele ya picha zile zile, kwa mwendo ule ule, kwa saa zile zile. Macho yao yaliona vitu sawasawa. Baadaye, paka aliyetembea aliweza kukwepa ukingo wa shimo na kutanguliza mguu alipokaribia meza. Yule wa kikapuni hakuweza. Alikuwa na macho mazima na hakujua kuyatumia, kwa sababu hakuna alichokiona kilichotokana na hatua yake mwenyewe.

Wa pili alikuwa Paul Bach-y-Rita, daktari wa San Francisco, na kwake nitakaa kidogo.

Baba yake Pedro alipatwa na kiharusi mwaka 1959, akashindwa kusema na kutembea. Madaktari walikata tamaa. Mtoto mwingine, George, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari, hakukata. Alimfundisha baba kutambaa kama mtoto, kwanza akijiegemeza ukutani, kisha kuosha masufuria, kuokota sarafu. Baada ya muda Pedro alirudi kufundisha, akaoa tena, na alifariki kwa moyo akiwa anapanda mlima Colombia mwaka 1965. Ubongo wake ulipochunguzwa, ilionekana sehemu kubwa iliyoharibiwa na kiharusi haikupona hata kidogo. Sehemu nyingine zilikuwa zimejifunza kazi ya ile iliyokufa. Paul akabeba swali kutoka kwenye kisa cha baba yake: kama ubongo unaweza kuhamisha kazi namna hiyo, je, macho yanahitajika kweli ili kuona?

Mwaka 1969 jarida la Nature lilichapa jibu lake la kwanza. Alichukua kiti cha zamani cha daktari wa meno na kukipachika mgongoni vijiti vidogo 400, vya kutetema, safu 20 kwa 20. Mbele ya kiti ilisimama kamera ya televisheni juu ya miguu mitatu. Pale kamera ilipoona mwanga, kijiti cha mahali hapo kilitetema. Palipo giza, kilitulia. Mtu asiyeona alikaa kwenye kiti, mgongo ukiegemea vijiti, na picha ikaandikwa kwenye ngozi yake.

Alizungushiwa kamera na msaidizi, akahisi mgongo ukimtekenya. Basi.

Alipopewa mwenyewe mpini wa kuizungusha kamera, kushoto, kulia, juu, chini, mambo yalibadilika. Baada ya saa kadhaa za mazoezi mtekenyo ulirudi nyuma ya fikra zake na mbele yake ikatokea simu. Kikombe. Kiti. Vikiwa mbele, si mgongoni. Watu waliozaliwa bila kuona walijifunza kwamba kitu cha mbali huwa kidogo, kwamba kitu cha mbele hukifunika cha nyuma, mambo ambayo mwenye macho anadhani hayahitaji kufundishwa. Walimtambua mtu aliyeingia kwa nywele zake na kujua kwamba leo hakuvaa miwani. Mgongo wenyewe ulibaki mgongo: mtu aliweza kujikuna chini ya vijiti bila kuchanganya kuwashwa kwake na kitu kilichokuwa mezani. Na bamba la vijiti lilipohamishwa kutoka mgongoni kwenda tumboni, hakukuwa na haja ya kuanza upya.

Siku moja msaidizi aligusa sehemu ya kamera inayovuta picha karibu, bila kumwonya mtu aliyekaa kitini. Picha ikatanuka ghafla mgongoni. Yule mtu aliinua mikono na kujitupa nyuma, akikwepa kitu kinachomjia usoni. Nyuma, yaani kuelekea vijiti vyenyewe! Hakuna nilichosoma kuhusu habari hizi kinachonishangaza zaidi. Kama kitu kingekuwa mgongoni, mwili wake ungekimbilia mbele.

Mwanafunzi wa falsafa, G. Guarniero, asiyeona tangu kuzaliwa, aliifanyia mazoezi mashine hiyo kwa majuma matatu na mwaka 1974 akaandika alichokiona. Makala yake ni ya thamani kwa sababu anazungumza kutoka ndani ya kiti. Anasimulia kwamba vitu viliacha kuwa juu ya ngozi yake mara tu alipojua kuiongoza kamera, vikapata mahali pake mbele yake. Hadai kwamba aliona kama waonavyo wengine. Bach-y-Rita naye hakuficha upande wa pili: wapo waliosubiri kwa hamu kuuona uso wa mke au wa rafiki, wakauona, pua pale, macho pale, na hawakusisimka hata kidogo. Walikuwa wamepewa umbo la kitu bila miaka ya kukizoea. Sifahamu kama kasoro hiyo ni ya mashine. Uso unaoupenda umeupenda kwa muda mrefu, kwa sauti na kwa mkono, na mtetemo wa juma moja haujapata nafasi hiyo.

Wapo waliomtangulia Bach-y-Rita. Mwaka 1897 Kazimierz Noiszewski wa Poland alitengeneza kifaa cha kugeuza mwanga kuwa ishara kwa ajili ya wasioona. Kabla ya Vita vya Kwanza Fournier d'Albe aliunda optofoni iliyogeuza herufi zilizochapwa kuwa sauti, na Mary Jameson, binti wa Kiingereza asiyeona, akajifunza kusoma vitabu vya kawaida kwa masikio. Wapo na waliomfuata. Mwaka 1992 Peter Meijer, mhandisi wa Uholanzi, alichapisha mfumo wa kugeuza picha kuwa sauti: picha inapitiwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa sekunde moja, kilicho juu kinalia kwa sauti nyembamba, kilicho chini kwa sauti nene, kinachong'aa kwa nguvu zaidi. Siku hizi mfumo huo unapatikana bure kwenye simu. Bach-y-Rita mwenyewe alihamia kwenye ulimi, ambao una unyevu na hisia kali kuliko mgongo, na kifaa kilichotokana na kazi hiyo, BrainPort, kiliruhusiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2015. Bei yake ilitajwa kuwa karibu dola 10,000. Hesabu ni kilo ngapi za majani mabichi kwenye kituo cha kununulia chai utajua kwa nini sijakutana nacho Bomet.

Tukirudi kwenye ardhi yetu, mwaka 1969 una tukio jingine. Mwezi Februari, wakati makala ya Nature ikisubiri kuchapwa, vijana saba wasioona wa Kenya, Uganda na Tanzania walipanda Kilimanjaro mpaka kileleni. John Wilson alikuwa nyuma ya mpango huo, na mazoezi yalifanyika Loitokitok. Magazeti yaliandika juu ya ushujaa. Ningependa waandishi wangeuliza zaidi juu ya miguu na mikono: jinsi kokoto za volkano zinavyoteleza nyuma kila unapokanyaga, jinsi upepo unavyomwambia mtu kwamba ukuta wa mlima umeisha upande wa kushoto. Mlima haukubali mtu wa kubebwa kikapuni. Lazima kila mmoja aweke mguu wake mwenyewe na apokee jibu lake mwenyewe.

Nchi hii ya mbio imepata namna yake ya kulijibu swali la ncha. Katika mbio za Olimpiki ya walemavu daraja la T11, wanariadha hukimbia wakiwa wamefunikwa macho, kila mmoja na mwongozaji, na kati yao kamba fupi iliyoshikwa kwa mikono miwili jirani. Mwongozaji yuko ubavuni. Sheria inamkataza kumvuta mwenzake, kumsukuma au kumtangulia kwenye mstari wa kumalizia. Akifanya hivyo wanafutwa wote. Kwenye kamba hiyo mkimbiaji anasoma kona inapoanza, anajua mpinzani yuko upande gani, na uamuzi wa kuongeza kasi unabaki wake. Samwel Mushai Kimani alishinda mita 1500 huko London mwaka 2012 namna hiyo, James Boit akiwa ubavuni mwake, na kuvunja rekodi ya dunia. Katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, Nancy Chelangat Koech alipata shaba katika umbali huo huo. Watazamaji wengi hutazama miguu. Mimi nimejifunza kutazama kamba, maana inapolegea ndipo ujue wanakimbia vizuri.

Na vifaa vya kisasa je? Kenya haijakaa ikisubiri dola 10,000. Katika muongo wa 2010 Brian Mwenda na kampuni yake ya Hope Tech Plus walianza kutengeneza kifaa cha kushika mkononi, Sixth Sense, kinachotoa sauti isiyosikika na binadamu, kikapokea mwangwi wake kutoka kwenye kitu kilichoko mbele na kumjulisha mwenye kifaa kwa mtetemo. Leslie Kay alifanya kazi ya namna hiyo Uingereza na New Zealand tangu miaka ya 1960, lakini ni jambo tofauti kutengeneza kitu kwa ajili ya barabara unayoijua. Na wala mwangwi si ugeni kwa wasioona. Mwaka 1944 Karl Dallenbach na wanafunzi wake huko Cornell walithibitisha kwamba vipofu waliosema wanahisi ukuta kwa ngozi ya uso walikuwa kwa kweli wanausikia: walipozibwa masikio, waliugonga.

Kabla ya kifaa chochote, asiyeona aende hospitali. Sababu kubwa ya upofu Kenya ni mtoto wa jicho, na huyo hutolewa kwa upasuaji mfupi. Hospitali ya Tenwek, hapo hapo juu ya Nyangores, ina kitengo cha macho, na kuna mzee ambaye amekaa miaka nyuma ya mjukuu wake huku tiba ikiwa ng'ambo ya mto. Mashine inayotetema ni ya wale ambao daktari amekwisha kuwaambia hapana.

Kwao, nimejaribu kufikiria njia ya kutoka Silibwet hadi kiwanda cha Tirgaga siku ya soko, baada ya mvua. Kifaa cha mwangwi kina kazi hapo. Kitamwonyesha mtembeaji ukingo wa shamba la chai, ambao ni ukuta wa kiunoni ulionyooka, na pengo kwenye ukuta huo ambapo kijia kinaingia. Kitamwonya juu ya tawi la mkaratusi lililoinama usawa wa paji la uso, ambalo fimbo nyeupe inapita chini yake bila habari, na juu ya bodaboda iliyoegeshwa na mizigo yake imechomoza pembeni. Lakini sauti iliyopigwa mbele hairudi kutoka kwenye kitu ambacho hakipo. Pale mtaro wa maji umekatwa kando ya barabara, kina cha goti, bila kifuniko, kifaa kinasikia uwazi tu na kumwambia njia ni nyeupe. Fimbo ya Hoover inaanguka ndani ya mtaro huo hatua moja kabla ya mguu.

Ndiyo maana walimu wa kutembea hawampi mtu kifaa kabla hajaimudu fimbo, na anapopata vyote viwili hushika fimbo kwa mkono mmoja na kifaa kwa mwingine. Inachukua majuma ya kufundishwa, mwalimu akitembea nyuma na kunyamaza, jambo ambalo wengi wao husema ndilo gumu kuliko yote. Popo ametumia mwangwi tangu zama ambazo hakuna anayezikumbuka, lakini popo huruka, na mitaro ya Bomet haimhusu.